Meli ya Nyali au mapango ya Watamu: uzamie wapi kwanza?

Mpwa wangu alinipigia kutoka Nairobi Jumanne baada ya isha. "Shikamoo mjomba. Nimepata cheti cha kuzamia." Nikamwitikia marahaba, nikampongeza, na kabla sijamaliza akatoa lililomfanya apige. Ana siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na pesa za mbizi mbili, tatu akijibana. Ashukie Mombasa aione meli iliyozama mbele ya Nyali, au apitilize hadi Watamu kwenye mapango? Marafiki zake wamegawanyika, na kila kambi ina video zake.

Tulizungumza karibu saa nzima. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya kukata simu, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Meli yenyewe ni MV Dania. Ilikuwa meli ya kubebea mifugo, urefu wake mita 80 hivi, na haikuzama kwa dhoruba wala kwa vita. Ilizamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki na kivutio cha wazamiaji. Imekaa wima juu ya mchanga, kama iliyotia nanga, na chini kabisa kina kinakaribia mita 30.

Mapango nayo yako kwenye mdomo wa hori ya Mida, Watamu, pale maji ya mikoko yanapokutana na bahari kuu. Eneo hilo limo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Mapango hayo yanajulikana kwa jina la samaki wake, tewa, ambaye kwingine pwani huitwa chewa. Ni samaki mnene, mdomo mpana, sura ya mzee aliyeamshwa usingizini. Wale wakubwa wa jamii hiyo hupita mita 2 kwa urefu.

Kabla ya yote lazima niseme ukweli kuhusu neno "pango", maana ndilo linalowapoteza wengi. Anayesikia mbizi ya pangoni huwaza njia za giza zinazopinda chini ya ardhi. Hizo zipo, lakini si kwetu. Cha Watamu ni uvungu kuliko pango. Bahari imelila jiwe la matumbawe ya kale kutoka chini, likabaki limening'inia, na wewe unalala kifudifudi mchangani ukichungulia ndani na tochi kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Kwa mzamiaji mpya hiyo ni habari njema. Kwa aliyekwisha kuwaahidi watu picha za mahandaki, ajiandae kusutwa.

Kina, na hesabu ya mtungi

Hapa ndipo meli na pango vinapoachana, na hapa ndipo nilipokaa sana na mpwa wangu.

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu nchi kavu. Kwa hiyo ukiwa mita 10 unavuta hewa mara mbili ya ile unayovuta ukiwa juu, na ukiwa mita 30 ni mara nne. Mtungi wa kawaida wa lita 12, ukijazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo), una lita 2,400 za hewa. Toa baa 50 za akiba, ambazo mwenye akili hazigusi, unabaki na lita 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu atavuta 40 kwenye mita 10, na hewa yake itamtosha dakika 45. Mtu huyohuyo kwenye mita 30 atavuta 80. Dakika 22 tu, na hapo sijatoa hewa ya kushukia na kupandia.

Isitoshe, mwanafunzi hapumui lita 20. Mgeni wa bahari hupumua kama aliyefukuzwa na mbwa. Mpe lita 25, na kwenye mita 30 amebaki na dakika 18.

Hata ungekuwa na mapafu ya kobe, kuna naitrojeni. Jedwali la kuzamia wanalofundishia wengi huruhusu dakika 56 kwenye mita 18 bila ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, na dakika 20 kwenye mita 30. Ukizidisha, naitrojeni iliyoingia mwilini hutoka kwa viputo, na viputo hivyo ndivyo vinavyolemaza watu.

Juu ya hesabu zote hizo kuna cheti. Cheti cha kwanza, Open Water, mwisho wake ni mita 18. Dania inataka cha pili, Advanced, ambacho ni mbizi tano na mwalimu, na moja kati ya hizo lazima iwe ya kina kirefu. Nimeona watu wenye cheti cha kwanza wakishushwa kwenye meli ile na waongozaji wasiouliza. Wengi walirudi salama, wakaamini kwamba sheria ni porojo.

Mimi mwenyewe, ambaye cheti ninacho, Dania ilinifundisha adabu. Mwaka mmoja nilishuka na kamera mpya. Nikaanza kumwandama kasa mmoja ubavuni mwa meli. Kila nikimkaribia anasogea kidogo, hana haraka, na mimi napiga picha za makalio yake. Nilipotazama geji, kipimo cha hewa iliyobaki, nilidhani nitakuta baa 120. Sindano ilikuwa kwenye 70, nami niko mita 28. Nilimwonyesha mwenzangu kidole gumba, ishara ya kupanda, tukapanda polepole, tukasimama dakika 3 kwenye mita 5 kama inavyotakiwa, na nilipotoa kichwa nje mtungi ulikuwa na baa 20. Hakuna aliyenikosea. Kasa naye hata picha moja nzuri hakuniachia.

Watamu huna hesabu hizo. Pale si kirefu, hewa inadumu, na ukikerwa na miwani inayovuja una muda wa kuishughulikia bila kuiangalia saa.

Dari

Basi pango ndilo rahisi? Hapana. Linakudai kitu kingine.

Mzamiaji mpya ana dawa moja ya matatizo yote, nayo ni kupanda juu. Weka kitu juu ya kichwa chake, chuma au jiwe, na dawa hiyo imekwisha. Ndiyo maana mimi hupima mbizi kwa dari kabla sijauliza kuna samaki gani. Ukiinua macho, unaona maji matupu mpaka juu, au unaona kitu?

Dania unaweza kuifaidi yote bila kuingia hata chumba kimoja. Unaizunguka kwa nje, unapita juu ya sitaha, unachungulia milangoni, na muda wote juu yako ni maji na mwanga. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini wao walikuwa katika chombo kinachoelea. Wewe mgeni wa meli iliyolala, ishia tezi na omo, nyuma na mbele. Ngamani, ndani tumboni, waachie waliofunzwa. Mle ndani mna kutu inayomomonyoka kwa mguso wa viputo vyako mwenyewe, na mna tope laini lililotulia miaka zaidi ya 20 likisubiri pezi moja lilitibue. Likishatibuka, tochi haina kazi, unaona weupe tu kama taa ya gari kwenye ukungu wa Limuru. Wanaoingia kwa ujuzi hufunga kamba nje ya mlango na kuingia nayo, hubeba tochi zaidi ya moja, na huigawa hewa mafungu matatu: la kuingilia, la kutokea, na la kukuokoa wewe au mwenzako.

Uvungu wa Watamu hauna vyumba, kwa hiyo hakuna pa kupotelea. Shida yake ni kwamba utamu wote uko mlangoni kabisa, na mlango una paji la jiwe. Asiyejua kuelea akatulia atajigonga kisogo juu, atapiga mapezi chini, na kwa mpigo mmoja atawaharibia wote waliokuja naye. Kuelea ndio mtihani wa Watamu. Ukiweza kukaa nusu mita juu ya mchanga bila kugusa chochote, bila kupiga makasia kwa mikono, umefaulu.

Na ukifaulu, malipo yake ni haya. Unalala, unaizima pumzi iwe ndogo, unapeleka mwanga wa tochi ndani taratibu. Mwanzo ni mchanga na jiwe. Kisha kipande cha jiwe kinafumba na kufumbua. Ni jicho. Ukilifuata unaona mdomo, na mashavu yanayotanuka na kurudi, yakisukuma maji mpaka chembe za mchanga mbele yake zinacheza. Tewa haogopi. Amekaa pale kabla hujaja na anajua utaondoka. Nyuma yake huwa kuna mwingine, na pembeni kamba wamechomoza ndevu tu. Mara moja tewa mmoja alitoa mlio, mlio mzito wa chini, kama mtu aliyegonga pipa tupu kwa ngumi. Niliusikia kifuani kabla ya masikioni.

Dania haina kitu cha karibu namna hiyo. Uzuri wake ni wa umbo. Unashuka na kamba, chini ni buluu tupu, halafu buluu inakuwa nzito mahali pamoja, halafu uzito ule unapata ncha, na ghafla una omo ya meli mbele yako. Mara kumi nimeiona na mara kumi moyo umeruka. Vyuma vimevaa matumbawe laini, kolekole wanazunguka kwa makundi, mizia wamesimama majini kama visu vilivyotundikwa, taa wamejifukia mchangani pembeni. Anayependa kupiga picha aende Dania, ila aweke kamera chini ya geji, si juu yake.

Maji na mwezi

Pwani yote hii huzamiwa vizuri wakati wa kaskazi, tangu Oktoba hadi Machi. Kusi likishika, bahari ya nje huchafuka, na baadhi ya vituo Watamu hufunga kabisa katikati ya mwaka. Hilo ni la pande zote mbili.

Lakini Watamu ina saa yake ya pili. Hori ya Mida hujaza na kutoa maji yake kupitia mdomo mmoja, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hebu fikiria yote hayo yakipita mlangoni. Maji yakitoka, yanakuja na tope la mikoko na mkondo wa kukung'oa. Yakijaa, yanaleta maji safi ya bahari kuu, na pale yanaposimama kabla ya kugeuka ndipo penye dirisha lako, fupi. Niliwahi kupelekwa na chombo kimoja maji yakiwa yanatoka, kwa sababu kulikuwa na kundi jingine la wageni alasiri. Nilishikilia jiwe kama bendera mlingotini, na maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tewa huenda walikuwepo. Mkono wangu mwenyewe niliuona kwa shida. Pesa nililipa zote.

Kwa hiyo anayekwenda Watamu atazame mwezi kabla ya kutazama kalenda ya likizo. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, huangukia kama mwezi saba na mwezi ishirini na mbili wa mwandamo, na hizo ndizo siku za mapango. Mvuvi yeyote atakwambia bila kufungua simu. Mwongozaji anayekwambia "siku yoyote ni sawa" mshukuru, kisha tafuta mwingine.

Dania iko kwenye maji ya wazi, haina mlango wa hori. Mkondo upo, hasa bamvua, lakini una kamba ya kushukia na una meli nzima ya kujikinga nyuma yake.

Mfuko na njia

Kwa fedha hazipishani sana hata ziamue. Zote mbili ni boti, mtungi, vifaa na mwongozaji. Watamu unaongeza kiingilio cha hifadhi, ambacho hulipwa kwa eCitizen na kina bei ya mwananchi, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Unaongeza pia safari, karibu saa mbili kwa matatu kupitia Kilifi, unashuka Gede, unachukua tuktuk. Dania inakutaka ulale tu Nyali au Bamburi. Lakini kama huna cheti cha pili, gharama halisi ya Dania ni kozi, na hapo mizani inalala upande mmoja kabisa.

Kuna gharama moja ambayo watu wa bara hawaihesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Tunaambiwa tusipande ndege kabla ya saa 18 kupita baada ya mbizi za kurudiarudia, na wengi wanadhani basi na treni havihusiki. Mwili haujui kwamba umekata tiketi ya treni. Unajua tu kwamba hewa ya nje imepungua uzito nawe bado una naitrojeni ndani. Mpwa wangu alikuwa ameshakata tiketi ya SGR ya Jumapili, na alipanga kuzamia Jumapili hiyohiyo asubuhi. Hapo ndipo nilipompandishia sauti.

Na kama unataka meli, lakini huna cheti cha pili

Nenda Unguja. Kwenye mwamba mmoja karibu na Mji Mkongwe kuna mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandazia nyaya za telegrafu, iliyojengwa mwaka 1870 na kupanda mwamba mwaka 1902. Iko mita 12 hivi. Si meli nzima kama Dania, ni vipande, lakini ni meli yenye umri na kisa, na cheti cha kwanza kinatosha.

Usiichanganye na HMS Pegasus, ambayo pia iko huko. Hiyo ni manowari iliyoshambuliwa na meli ya Wajerumani, Königsberg, alfajiri ya Septemba 20, 1914, ikiwa imesimama bandarini kwa matengenezo. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Königsberg ikakimbilia delta ya Rufiji, na huko ikamalizwa Julai 1915. Pegasus iko karibu mita 40. Wenye uzoefu tu.

Na ukija Mombasa mvua ikakuharibia siku, ingia Fort Jesus. Humo mna vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome hiyo mwaka 1697 Waomani walipokuwa wameizingira, ikachimbuliwa na wataalamu wa chini ya maji kati ya 1977 na 1980. Utaiona bila kulowa.

Wengine huniuliza kuhusu mapango ya Shimoni. Yale ni ya nchi kavu.

Wale wenye akiba kubwa wataniambia nimewanyima bahari za mbali. Sawa. Kwa meli, kuna Thistlegorm upande wa Misri wa Bahari ya Shamu, iliyopigwa na ndege za Wajerumani Oktoba 6, 1941, ikiwa na shehena ya jeshi. Pikipiki na malori bado yamepangwa ndani mpaka leo, kwenye mita 30. Hiyo ni Dania iliyojaa mizigo, na aliyeizoea Dania hatababaika. Kwa pango, kuna Dos Ojos karibu na Tulum, Meksiko, sehemu ya mtandao wa mapango ya maji ambao mwaka 2018 ulipimwa kilomita 347. Huko wasio na mafunzo ya pango hupitishwa tu sehemu ambazo mwanga wa jua bado unaonekana, na mbele zaidi kuna vibao vyenye picha ya kifo vinavyokwambia urudi. Mbizi ya tewa haikuandai kwa hayo hata kidogo.

Nilichomwambia

Ungekuwa na Advanced, nilimwambia, ningesema Dania bila kufikiri, tena uizamie mara mbili, maana ya kwanza utakuwa unashangaa tu. Ungekuwa na siku tano, ningesema njoo ufanye kozi hiyo hapa, na meli iwe mbizi yako ya kina kirefu, mwalimu akiwa pembeni. Lakini una cheti cha wiki mbili, mbizi tisa, mapafu ya mbwa aliyekimbizwa, na siku tatu. Nenda Watamu.

Akasema, "Lakini mjomba, uvungu?"

Nikafungua kalenda ya mwandamo. Jumamosi aliyoitaka ilikuwa mwezi kumi na tano, bamvua tupu. Jumamosi iliyofuata ilikuwa mwezi ishirini na mbili. Ameahirisha wiki moja, tiketi ya kurudi ameihamishia Jumatatu, na kiongozi wa boti ameshamtajia saa maji yatakaposimama. Jana ameniuliza kwa ujumbe kama ile tochi yangu ndogo bado inafanya kazi. Inafanya. Nimeipeleka Mwembe Tayari kwa matatu ya Malindi, aichukue Gede.